Bei ya sabuni ugenini: namna ya kununua vitu vya nyumbani bila kupunjwa

Kosa la kwanza hufanyika kichwani, kabla mkono haujagusa rafu: kuchukua bei ya pakiti na kuigeuza kuwa pesa za nyumbani. Ukitoka nchi ya bei nafuu, kila kitu kitaonekana wizi mtupu. Baada ya wiki mbili utachoka kushtuka, uanze kununua bila kuangalia, kwa kuwa "huku kila kitu ni ghali". Ukitoka nchi ya bei kubwa, kila kitu kitaonekana cha bure, nawe utalipa mara mbili ya anacholipa jirani huku unatabasamu. Kiwango cha kubadilishia fedha hakikuambii kwamba sabuni ile ile iko duka la mtaa wa pili kwa nusu ya bei. Linganisha duka na duka, pakiti na pakiti, kwa sarafu ya hapo ulipo.

Kazi ya wiki tatu za kwanza ni kujua bei. Kununua kwa wingi kusubiri. Siku ya kwanza chukua vya dharura tu, tena katika pakiti ndogo: sabuni ya kuogea, roli nne za karatasi ya chooni, chupa ndogo ya sabuni ya vyombo, mifuko michache ya taka, taulo moja, sufuria moja. Ndiyo, pakiti ndogo ni ghali kwa kipimo, lakini hasara yake ni ndogo kuliko ya kujaza toroli zima kwenye duka la kona lililo karibu na mlango. Na tahadhari: matawi madogo ya maduka makubwa mara nyingi huuza ghali kuliko matawi makubwa yenye jina lile lile. Jina la mlangoni lisikufanye udhani bei za ndani ni zile zile.

Tafuta maandishi madogo kwenye rafu

Namba iliyoandikwa kwa wino mnene ni bei ya pakiti. Unayoihitaji iko chini yake, kwa herufi ndogo: bei kwa kilo, kwa lita, kwa gramu 100 au kwa kipande. Hiyo ndiyo bei ya kipimo. Katika nchi za Umoja wa Ulaya maduka yanatakiwa kuionyesha kufuatana na agizo la mwaka 1998, na Australia maduka makubwa ya vyakula yanalazimika tangu Desemba 2009. Marekani haina sheria moja ya nchi nzima kuhusu jambo hili. Kila jimbo lina utaratibu wake, na mengine hayana kabisa.

Pasipo na lebo hiyo, toa simu upige hesabu: bei, gawanya kwa gramu, zidisha kwa 1,000. Pakiti ya gramu 650 kwa 3.90 ni 6.00 kwa kilo. Pakiti ya kilo moja na nusu kwa 9.75 ni 6.50 kwa kilo. Kubwa imeshindwa. Hili hutokea zaidi ya watu wanavyodhani, hasa pale ofa inapowekwa kwenye pakiti ya kati na kubwa ikaachwa ilivyo. Mnunuzi ameshaamini kwamba kubwa ndiyo nafuu, basi haangalii tena.

Lebo yenyewe ina mitego yake. Sabuni moja huandikwa kwa mililita 100 na jirani yake kwa kipande, na hapo huwezi kulinganisha mpaka uzibadilishe zote ziwe kipimo kimoja. Bei ya ofa, au ya wenye kadi ya mteja, mara nyingi huandikwa kwa pakiti tu, na bei ya kipimo iliyo chini ikabaki ya zamani. Halafu kuna kupungua kimyakimya: boksi ni lile lile, rangi ile ile, bei ile ile, ila gramu 1,000 zimekuwa 900. Hapo bei imepanda kwa asilimia 11 bila bei ya pakiti kubadilishwa rafuni.

Ukiwa nchi isiyotumia kilo na lita, andika mahali: ratili moja ni gramu 454, aunsi moja ya uzito ni gramu 28, aunsi moja ya ujazo ya Marekani ni mililita 29.6. Galoni ya Marekani ni lita 3.79 na ya Uingereza ni lita 4.55, kwa hiyo usizichanganye. Na mafuta ya kupikia yakiuzwa kwa uzito duka moja na kwa lita duka jingine, kumbuka lita moja ina uzito wa gramu 920 hivi.

Kilo si kipimo cha kila kitu

Sabuni ya kufulia ndiyo inayodanganya kuliko vyote. Poda mbili za kilo moja moja zinaweza kutofautiana kabisa: moja inafua mara 12, nyingine mara 25, kwa sababu moja imejazwa viungo visivyofua. Gawanya bei kwa idadi ya mafuo iliyoandikwa kwenye pakiti, usigawanye kwa kilo. Kisha soma idadi hiyo imekadiriwa kwa mzigo gani. Mara nyingi ni kilo 4 hadi 5 za nguo zisizo chafu sana, kwa maji ya ugumu wa kati. Maji magumu, yaani yenye madini mengi ya kalsiamu na magnesiamu, hula sabuni zaidi. Maji laini yanahitaji kidogo, na ukizidisha, nguo hutoka na utando na mashine hujaa povu. Kampuni ya maji ya eneo lako huwa inatangaza kiwango cha ugumu. Kiangalie mara moja tu, kisha ujue utumie mstari gani wa kifuniko. Mistari hiyo haionekani vizuri na watu hujaza mpaka juu, ambako ni kipimo cha nguo zenye matope. Chora mstari wako kwa kalamu ya wino usiofutika. Vidonge na vifuko vya kufulia vina kasoro nyingine: havigawanyiki, hivyo mwenye mzigo mdogo analipia mzigo mzima.

Dawa ya kung'arishia nguo yenye klorini hulinganishwa kwa asilimia iliyoandikwa nyuma ya chupa. Lita moja ya asilimia 5 ina nguvu mara mbili ya lita moja ya asilimia 2.5, na zinaweza kukaa rafu moja kwa bei zinazokaribiana. Usiweke akiba kubwa, kwa maana hupoteza nguvu baada ya miezi kadhaa, haraka zaidi penye joto na mwanga. Na kwa kuwa lebo zitakuwa kwa lugha usiyoizoea, usikisie kwa rangi ya chupa. Kile ulichodhani ni dawa ya kuoshea choo chaweza kuwa tindikali, na tindikali ikikutana na klorini hutoa gesi ya sumu. Piga picha ya lebo, itafsiri kwa simu, ndipo ufungue.

Karatasi ya chooni: sahau idadi ya roli. Zidisha roli kwa vipande vya kila roli, na uangalie tabaka. Roli 9 za vipande 200 ni vipande 1,800. Roli 12 za vipande 140 ni 1,680. Zikiwa na tabaka sawa na bei sawa, pakiti "ndogo" imeshinda. Vipande visipoandikwa, pima uzito. Mizani ya mboga iko pale pale, na atakayekushangaa mwache ashangae.

Pampasi zinagawanywa kwa kipande, lakini ndani ya saizi moja. Saizi ikipanda, pakiti ya bei ile ile hubeba vipande vichache. Ofa nzuri ya saizi ambayo mtoto anakaribia kuiacha ni hasara iliyofungwa vizuri. Kama uzito wake umeshakaribia kikomo kilichoandikwa kwenye pakiti, nunua wiki moja tu.

Balbu soma lumeni (kipimo cha mwanga), siyo wati. Iliyokuwa balbu ya wati 60 ya zamani ni kama lumeni 800, na balbu ya LED huzitoa kwa wati 8 hadi 10. Kabla ya kwenda dukani fungua ya zamani uone kitako chake: cha kuzungusha cha milimita 27, au cha pini mbili za kusukuma na kuzungusha. Watu wengi hurudi na balbu isiyoingia. Mifuko ya taka nayo ina unene unaoandikwa kwa maikroni. Iliyo nyembamba mno utaivalisha miwili miwili, na unafuu wote umekwisha.

Daftari la bei

Chagua vitu 20 ambavyo nyumba yako inatumia kweli. Visiwe 50, utachoka. Kwenye simu au karatasi weka safu hizi: kitu, ukubwa wa pakiti, bei, bei ya kipimo, duka, tarehe, na alama kama ni bei ya kawaida au ya ofa. Pitia maduka matatu au manne ya aina tofauti kwa wiki tatu. Hakuna haja ya safari maalumu. Ukipita, piga picha lebo ya rafu, uandike jioni.

Utaona mambo mawili. Kwanza, hakuna duka lililo nafuu kwa kila kitu. Lile linalojulikana kwa bei ndogo huwa na vitu vitano au sita ghali kuliko jirani, na hapo ndipo linapofidia. Pili, ofa zina mzunguko. Sabuni iliyoshuka wiki hii itashuka tena baada ya wiki kadhaa, na ukishaandika mara mbili au tatu utajua ni ngapi. Kuanzia hapo "ofa" inakuwa na maana moja tu: bei isiyozidi bei ya chini kabisa uliyowahi kuiandika. Katika Umoja wa Ulaya sheria inakusaidia kidogo: tangu Mei 2022, duka likitangaza punguzo linatakiwa kuonyesha bei ya chini kabisa ya siku 30 zilizotangulia. Kwingine daftari ndiyo sheria yako.

Ununue kiasi gani ofa ikija? Matumizi ya wiki mara idadi ya wiki mpaka ofa ijayo, ongeza wiki moja. Nyumba inayotumia roli 3 kwa wiki, na ofa huja kila wiki 6, inahitaji roli 21. Zaidi ya hapo unaifanyia kazi ya stoo kampuni ya karatasi, tena katika chumba unacholipia kodi. Poda ya sabuni ikikaa penye unyevu hugandamana, kwa hiyo ihamishie kwenye ndoo yenye mfuniko.

Jifunze pia maneno kumi ya lugha ya hapo: kwa kilo, kwa kipande, cha pili nusu bei, mwisho wa akiba, pamoja na kodi, bila kodi, amana, wenye kadi tu, hakirudishwi, kimetumika. Hayo kumi yatakuokolea pesa kuliko salamu zote ulizofundishwa.

Bei inayobadilika kwa keshia

Marekani na Kanada, bei ya rafuni kwa kawaida haina kodi ya mauzo. Huongezwa kwenye kaunta, na kiwango hutofautiana kati ya jimbo na jimbo. Ulaya na Australia bei anayoonyeshwa mlaji huwa na kodi ndani yake. Mtego uko kwenye maduka ya jumla, ambako lebo moja hubeba bei mbili, na ile iliyoandikwa kwa herufi kubwa ni bila kodi, kwa kuwa imewekewa wafanyabiashara. Nchi nyingine huongeza amana ya chupa na makopo. Hiyo ni pesa yako, unairudishiwa ukipeleka chupa tupu, lakini ni lazima zisipondwe na lebo zisibanduliwe, maana mashine husoma alama.

Ukilipa kwa kadi ya nchi nyingine, mashine inaweza kukuuliza ulipe kwa sarafu ya kadi yako au ya hapo. Chagua ya hapo, daima. Ukichagua ya kwenu, mwenye mashine ndiye anayepanga kiwango cha kubadilisha, na hakipangi kwa faida yako. Kisha soma risiti kabla ya kutoka, siyo nyumbani. Ofa ambazo hazikusomeka kwenye mfumo ndizo kosa la kila siku, na dawati la huduma hurekebisha kwa dakika mbili ukiwa bado umesimama pale.

Ununue wapi nini

Maduka ya bei chee yenye aina chache za bidhaa yanafaa kwa sabuni, karatasi, foili na betri, hasa bidhaa zenye jina la duka lenyewe. Jaribu hizo kwanza kwa pakiti ndogo. Kwenye vitu kama chumvi, dawa ya klorini au foili, jina kubwa linaongeza bei tu. Maduka ya bei moja kwa kila kitu yanafaa kwa ndoo, vibanio vya nguo na sponji, ila chupa zao za sabuni huwa zimetengenezwa ndogo ili zitoshee bei hiyo. Maduka ya vifaa vya ujenzi yana balbu, kamba, na glavu kwa bei inayozidi kushuka unavyonunua pakiti kubwa.

Klabu za jumla zenye ada ya mwaka zifanyie hesabu. Ada ikiwa 60 na unafuu halisi, ukilinganisha na daftari lako, ni asilimia 12, unahitaji kununua vya 500 kwa mwaka ili tu urudishe ada. Mtu anayeishi peke yake mara nyingi hafiki. Wanne wakigawana pakiti wanafika kwa urahisi, mradi mmoja wao awe na gari.

Vyombo vya umeme na vilivyotumika

Kabla ya kubeba birika au pasi kutoka nyumbani, soma kibandiko cha chini. Kikiandikwa 100–240V kitafanya kazi popote, unahitaji adapta ya plagi tu. Kikiandikwa 220–240V na unakwenda kwenye umeme wa volti 120, birika lako litafanya kazi kwa robo ya nguvu na maji yatachelewa kuchemka. Kinyume chake ni hatari: chombo cha volti 120 kikichomekwa kwenye 230 huvuta nguvu karibu mara nne na kuungua. Adapta hubadilisha umbo la plagi, haibadilishi volti. Transfoma ya kubeba wati 2,000 ni nzito na ghali kuliko birika jipya, basi vitu vya joto viache, vinunue huko.

Friji, meza, makabati, vyombo vya jikoni: tafuta vilivyotumika. Wakati mzuri ni siku za mwisho wa mwezi na mwisho wa mwaka wa masomo, pale wanaohama wanapotaka kitu kiondoke leo. Friji ichomeke nusu saa kabla ya kulipa, usikilize, ushike ndani. Banisha karatasi mlangoni na uivute. Ikitoka bila kushikwa, mpira umekwisha. Ikiwa imesafirishwa imelala, iache imesimama saa kadhaa kabla ya kuiwasha, ili mafuta ya kompresa yarudi mahali pake. Na angalia ulaji wake wa umeme. Friji ya bure inayokula kilowati-saa 350 kwa mwaka, dhidi ya mpya ya 180, inakudai tofauti ya 170 kila mwaka. Zidisha kwa bei ya umeme ya hapo ndipo useme ni ya bure. Ulaya, herufi za zamani za kibandiko cha ulaji wa umeme zisikuvutie: kipimo kilipangwa upya Machi 2021, na friji ya A++ ya zamani inaweza kuangukia E au F leo.

Godoro lililotumika, hapana. Kochi la kitambaa, kwa uangalifu: pekua mishono na matundu ya skrubu kwa tochi ukitafuta vidoa vyeusi vya kunguni. Nguo na mapazia fua kwa nyuzi 60, au weka kwenye mashine ya kukaushia kwa joto kali nusu saa. Kiti cha mtoto cha garini usinunue kwa usiyemjua, kwa sababu kilichopata ajali hakionyeshi kwa nje. Usitume pesa za kutanguliza kwa kitu usichokiona, hata picha ziwe nzuri namna gani.

Mtandaoni

Bei ya kulinganisha ni ile iliyojumlisha usafirishaji, ushuru na kodi. Misamaha ya vifurushi vidogo imekuwa ikiondolewa: Umoja wa Ulaya unatoza VAT kwa vifurushi vyote vya kutoka nje tangu Julai 2021, na Marekani ilisimamisha msamaha wake wa dola 800 mwishoni mwa Agosti 2025. Mkusanyaji wa kodi akiwa ni msafirishaji, huongeza na ada yake ya kukushughulikia, ambayo kwa kitu kidogo huweza kuzidi kodi yenyewe. Kikomo cha "usafiri bure" nacho kina hila: ukiongeza kitu usichokihitaji cha 9 ili uepuke usafiri wa 5, umepoteza 4. Acha kikapu kijae chenyewe kwa wiki mbili. Mnunuzi wa mtandaoni katika Umoja wa Ulaya ana siku 14 za kurudisha bila kutoa sababu, lakini gharama ya kurudisha mara nyingi ni yake, kwa hiyo isome kabla hujaagiza kitu kizito.

Ukikaribia kuhama

Acha kujaza akiba miezi miwili kabla. Risiti, vijitabu na boksi za vyombo vya umeme ulivyotunza sasa vinaongeza bei ya kuuzia. Tangaza vitu vikubwa wiki nne kabla, siyo siku nne; anayeuza kwa haraka ndiye uliyekuwa unamtafuta ulipofika. Kitanda na friji viuze mapema kwa makubaliano ya kuchukuliwa siku ya mwisho, na upokee malipo ya awali. Klorini, gesi na betri kampuni nyingi za usafirishaji hazipokei, jirani atazipokea.